Nilivyopima Uzito wa Land Cruiser kwa Mizani ya Kupimia Watu

Gari lilikuwa limelala ubavu wa kushoto, magurudumu ya kulia yakielekea angani, kando ya barabara ya changarawe inayoteremka kutoka Ngorongoro kuelekea Serengeti. Abiria wote walikuwa wametoka wakiwa hai, mmoja akiwa amevunjika mkono, na walikwisha kuchukuliwa na gari jingine nilipofika jioni ile pamoja na gari la kuvuta. Dereva alikuwa amekaa juu ya jiwe, na baada ya kusalimiana aliniambia kwamba hakuwa katika mwendo mkubwa. Alikuwa amepisha lori, magurudumu ya kushoto yakashuka ukingoni, na gari likaanza kuinama polepole kana kwamba limechoka. Kisha akaniuliza: "Fundi, hili gari lina uzito gani, na uzito wenyewe umekaa wapi?"

Nilikuwa mmoja wa mafundi waliolikata gari hilo chasisi katika gereji yetu ya Arusha, wakalirefusha, wakaliwekea paa la kuinuka, viti vya watalii, tanki la pili la dizeli, friji na keria. Nilijua unene wa kila bati na aina ya kila uchomeleaji, lakini sikuwa na jibu la swali lake. Tulikuwa tumejenga magari mengi kwa macho na kwa mazoea: gari likionekana limeinama nyuma tunaongeza springi, likiyumba tunabadilisha shokapu. Hakuna hata moja kati ya hayo tuliyowahi kulipima.

Gari lilipokarabatiwa na kurudi katika hali iliyokuwa nayo kabla ya ajali, nilimwomba bosi wangu anipe siku tatu za kulipima kabla halijakabidhiwa. Alikubali kwa sharti la kwamba nisimgharimu fedha nyingi, na sharti hilo ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata. Mizani maalumu za kuwekwa chini ya magurudumu manne, zile zinazotumiwa na timu za mashindano ya magari, huuzwa kwa mamilioni ya shilingi na kwetu zingelazimu kuagizwa kutoka nje. Tulichokuwa nacho sisi ni vyuma chakavu, mbao, jeki na jirani ambaye ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari.

Jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa mizani kubwa ya magari. Tulikwenda kwenye mizani ya binafsi inayopima malori ya nafaka, tukalipa ada ndogo, tukapima gari zima, kisha tukapima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Njia hii ni nzuri kwa kupata uzito wa jumla, na ningemshauri kila mwenye gereji aanze hapo. Kasoro yake ni kwamba mizani ile ilisoma kwa hatua za kilo 20, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya malori ya makumi ya tani. Kwa lori la tani 40, kilo 20 si kitu. Kwa kazi niliyoitaka mimi, kama nitakavyoeleza, kilo 20 zinaharibu hesabu nzima.

Nilijaribu pia njia mbili ambazo nilizisikia kwa mafundi wenzangu. Moja ni kupaka tairi chokaa, kulishusha juu ya karatasi, kupima eneo la alama yake na kulizidisha kwa upepo uliomo. Tairi la nyuma kulia lilikuwa na upepo wa psi 45, ambao ni takriban kilo 3.16 kwa kila sentimita ya mraba, na alama yake ilinipa kilo 610. Baadaye mizani bora ilionyesha kwamba gurudumu hilo lilibeba kilo 700. Tofauti hiyo inaeleweka, kwa kuwa kuta za tairi la kazi nzito ni ngumu na zinabeba sehemu ya mzigo zenyewe, mbali na upepo. Njia nyingine ni kufunga geji ya presha kwenye jeki ya chupa na kusoma presha wakati wa kuinua. Hiyo nayo ilinipa namba moja jeki ikipanda na namba nyingine jeki ikishuka, kwa sababu ya msuguano wa sili ndani yake. Niliziacha zote mbili.

Mwalimu alipopita jioni na kuona karatasi zangu zenye chokaa, nilimwamkia na kumweleza shida yangu. Hakunipa kanuni yoyote ngumu. Aliniuliza kama nakumbuka somo la nyenzo la shule ya msingi: egemeo, mzigo na jitihada. Nilimjibu kwamba nakumbuka toroli ni wenzo wa daraja la pili, mzigo ukiwa katikati, egemeo likiwa gurudumu na jitihada ikiwa mikono ya mbebaji. "Basi," akasema, "weka gari mahali pa mchanga, na mahali pa mikono weka mizani ya kupimia watu."

Mizani hizo kila mtu anazijua. Ni zile ambazo vijana huzunguka nazo stendi na sokoni wakipima watu kwa sarafu. Nilinunua mbili za kidijitali, kila moja ikiwa na uwezo wa kilo 150, kwa bei iliyokuwa ndogo kuliko ya betri moja ya gari. Kisha nikachukua vipande viwili vya chaneli ya chuma vya urefu wa mita 1.80. Upande mmoja wa kila chaneli nilichomelea nondo nene ya mviringo chini yake, iwe egemeo. Sentimita 20 kutoka kwenye egemeo nikachomelea nondo nyingine juu, na juu ya hiyo nikaweka sahani ya chuma ambayo gurudumu lingekaa. Sentimita 160 kutoka kwenye egemeo nikachomelea nondo ya tatu chini, ikanyage ubao uliolazwa juu ya mizani. Kwa kuwa 160 ni mara 8 ya 20, mizani inasoma sehemu moja ya nane ya uzito wa gurudumu, na gurudumu la kilo 760 linaisukuma mizani kwa kilo 95 tu. Uzito wa chaneli yenyewe nao unaingia, kwangu ulikuwa kilo 8.5 kwenye mizani, kwa hiyo unausoma kwanza kabla ya kupandisha gari na kuutoa kila mara.

Nondo zile za mviringo ndizo siri ya kifaa hiki. Mwanzoni niliona ni usumbufu, nikaliweka tairi moja kwa moja juu ya chaneli, na majibu yakawa yanabadilika kila nilipolisogeza gari. Tairi linakanyaga eneo pana la sentimita nyingi, hivyo huwezi kujua mzigo unashuka mahali gani hasa, na kwenye umbali wa sentimita 20 kosa la milimita 2 peke yake ni asilimia moja ya uzito, yaani zaidi ya kilo 7 kwa gurudumu. Sahani iliyokaa juu ya nondo inaulazimisha mzigo ushuke kwenye mstari mmoja unaopimika.

Hata hivyo sikuiamini futi kamba yangu peke yake. Nilikwenda kwa mfanyabiashara wa mahindi, ambaye mizani yake ya magunia ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka ule, nikapima ndoo yenye maji kwa uangalifu hadi ikafika kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe, nikaitia alama. Maji hayo tukayamimina ndoo kwa ndoo kwenye pipa lililowekwa juu ya kila chaneli, tukiandika mizani inasoma nini kila baada ya ndoo mbili. Chaneli ya kwanza ilitoa uwiano wa 7.9 badala ya 8, na ya pili 8.05. Kuanzia hapo nilitumia uwiano uliotolewa na maji, wala si ule uliotolewa na futi kamba. Kazi hii ilichukua asubuhi nzima, na bila kuifanya ningekuwa na namba zinazopendeza tu.

Sakafu nayo ilitaka kazi. Mizani ya kupimia watu ikikaa juu ya sakafu yenye vishimo hukosea bila kukuonya, hivyo tuliziwekea vipande vya mbao ngumu vilivyorandwa. Kwa kuwa chaneli na sahani ziliinua magurudumu mawili, magurudumu mengine mawili yalihitaji kuinuliwa kwa kimo kilekile, nasi tukatumia vipande vya mbao na bomba la maji la plastiki, lile la mafundi ujenzi wanalosawazishia kuta, kuhakikisha kwamba vitovu vya magurudumu yote manne viko usawa mmoja. Nilipuuza jambo hili katika jaribio la kwanza. Gurudumu moja lilikuwa juu kwa sentimita moja na nusu, na kwa springi ngumu kama za gari hili, hicho kimo kidogo kilitosha kuhamisha makumi ya kilo kutoka kona moja kwenda nyingine, kama meza ya miguu minne isiyokanyaga sawasawa.

Jambo la mwisho kabla ya kupima ni gia na breki. Gia iwe huru, breki ya mkono iachiwe, na kabari ziwekwe karibu na magurudumu bila kuyabana, ziache upenyo wa kidole. Breki ikibana, magurudumu yanaikaza sakafu na kuisukuma mbele na nyuma, na chaneli inapokea nguvu ambayo si uzito. Matanki yote mawili tuliyajaza hadi juu, kwa sababu dizeli iliyo nusu tanki hukimbilia upande mmoja gari linapoinamishwa.

Tulipima kila gurudumu mara tano, tukilishusha gari na kulipandisha upya kila mara, na wastani ulikuwa huu: mbele kushoto kilo 640, mbele kulia 620, nyuma kushoto 760, nyuma kulia 700. Jumla ni kilo 2,720, gari likiwa halina mtu wala mzigo juu ya keria. Mizani kubwa ya malori ilikuwa imetupa 2,720 vilevile, na ingawa najua hatua zake za kilo 20 hazinipi haki ya kushangilia sana, niliona kwamba chaneli zangu hazikuwa zimepotea njia.

Kutoka kwenye namba hizo nne, sehemu mbili za jibu la yule dereva zinapatikana kwa hesabu ya darasani. Ekseli ya nyuma ilibeba kilo 1,460. Ukizigawa kwa 2,720 na kuzidisha kwa mita 3.60, ambazo ndizo umbali kati ya ekseli mbili baada ya kurefushwa chasisi, unapata kwamba kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika, kiko mita 1.93 nyuma ya ekseli ya mbele. Hilo halikunitia wasiwasi. Kilichonishtua ni upande wa kushoto, ambao ulikuwa mzito kuliko wa kulia kwa kilo 80, ukikisogeza kitovu sentimita 2 kutoka mstari wa katikati. Tulikuwa tumeweka tanki la pili kushoto, friji kushoto na betri ya pili kushoto, kila kimoja kwa sababu yake nzuri na kwa siku tofauti, bila mtu yeyote kujumlisha. Dereva anapokaa kulia anafidia karibu nusu ya tofauti hiyo. Nusu iliyobaki inaelemea upande uleule ambao barabara zetu huinamia, kwa kuwa tunaendesha kushoto na barabara ya changarawe huchongwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke kando. Gari lilikuwa limelala ubavu wa kushoto.

Kimo cha kitovu ndicho kilichokuwa kigumu, na ndicho kinachoamua kama gari litapinduka. Mwalimu alinieleza kwa mfano wa watu wawili wanaopandisha kabati kwenye ngazi. Aliye chini hubeba zaidi, na kabati likiwa na vitu vizito juu, mzigo wake unazidi kuongezeka kadiri linavyoinama. Gari linafanya hivyohivyo. Ukiinua ekseli ya mbele, uzito fulani huhamia nyuma, na kiasi kinachohama kinakuambia kitovu kiko juu kiasi gani. Baadaye niligundua kwamba kiwango cha kimataifa cha ISO 10392, kinachoeleza namna ya kutafuta kitovu cha uzito cha magari ya barabarani, kimejengwa juu ya wazo hilohilo la kuinua ekseli moja.

Mara ya kwanza tuliinua mbele kwa sentimita 60 na kupata namba iliyokiweka kitovu juu mno. Tulisahau kwamba springi za nyuma hujibana zaidi mzigo unapoongezeka, za mbele hujinyoosha, na gari zima hubadilisha mkao wake juu ya ekseli. Dawa yake ni kuzifunga springi zisicheze. Tulifungua shokapu zote nne gari likiwa limesimama sakafuni katika kimo chake cha kawaida, na mahali pake tukafunga vipande vya bomba la chuma vilivyokatwa kwa urefu uleule, vikiwa na matundu ya bolti pande zote mbili. Tairi nazo tulizijaza upepo zaidi ya kawaida, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, ili zisibonyee sana.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Gari la karibu tani tatu lililoinuliwa juu ya mbao linaweza kuua. Tulitumia vipande vya mataruma ya zamani ya reli vilivyopangwa kwa kupishana, tukainua kidogokidogo tukiweka mbao kila sentimita 10, na hakuna aliyeruhusiwa kuingiza hata mkono chini ya gari. Vijana walitaka tufike sentimita 90, kwa sababu ukiinua juu zaidi uzito unaohama huongezeka na kosa la kipimo hupungua. Nilikataa, na hadi leo sioni kwamba nilikosea. Rundo la mbao la kimo hicho halikunipa amani.

Kwenye sentimita 60, ekseli ya nyuma iliongezeka kutoka kilo 1,460 hadi 1,524, yaani kilo 64. Sentimita 60 juu ya umbali wa ekseli wa mita 3.60 ni mwinamo wa digrii 9.6, ambao tanjenti yake ni 0.169. Unazidisha 64 kwa 3.60, unagawanya kwa zao la 2,720 na 0.169, unapata mita 0.50. Hicho ni kimo cha kitovu juu ya vitovu vya magurudumu, na kwa kuwa nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi sakafuni nikapata mita 0.38, kitovu cha uzito kilikuwa mita 0.88 kutoka ardhini. Kipimo hicho cha gurudumu kichukuliwe tairi likiwa limebeba gari. Nusu ya kipenyo cha tairi lililotupwa chini ni ndefu kuliko hiyo.

Sasa inaonekana kwa nini nilisema kilo 20 zinaharibu hesabu. Jibu zima linatokana na kilo 64. Ukikosea kilo 5 katika hizo, kimo kinabadilika kwa karibu sentimita 4. Ukikosea kilo 20, kinabadilika kwa sentimita 16, na hapo hutofautishi gari imara na gari la hatari. Kwa jinsi vipimo vyangu vitano vilivyopishana, naamini kosa langu halizidi sana kilo 5, hivyo nikiandika mita 0.88 ninamaanisha mahali fulani kati ya 0.84 na 0.92. Nimewahi kuona mafundi wakiandika kimo cha kitovu hadi milimita baada ya kupima kwa njia kama hii. Milimita hizo hazipo.

Kinachofurahisha ni kwamba baada ya kulijua gari tupu, huhitaji kuliinua tena kila unapoongeza kitu. Uzito wa kitu unaupima peke yake, kimo chake unakipima kwa futi kamba, na athari yake unaihesabu kwa usahihi mkubwa kuliko ule wa kipimo cha mwanzo. Siku ya ajali keria lilibeba tairi la akiba la pili la kilo 38, madumu mawili ya maji yenye jumla ya kilo 44, sanduku la vifaa na jeki ndefu kilo 25, na mahema na mabegi kilo 73. Hizo ni kilo 180 zilizokaa mita 2.25 kutoka ardhini, na zilikipandisha kitovu hadi mita 0.97. Ukiongeza watu wanane waliokaa, ambao niliwakadiria kilo 75 kila mmoja, gari linakuwa na kilo 3,500 na kitovu kinafika mita 1.00.

Kisha nikamwuliza dereva kama abiria walikuwa wamekaa. Alinyamaza kidogo, akajibu kwamba walikuwa wamesimama, paa likiwa wazi, kwa sababu duma alikuwa ameonekana muda mfupi uliopita na walitumaini kumwona tena. Nilirudi kwenye karatasi. Mtu aliyesimama kwenye sakafu ya gari hili ana kitovu chake karibu mita 1.75 kutoka ardhini, badala ya 1.15 akiwa amekaa. Abiria saba wakisimama kwa pamoja, kitovu cha gari zima kinapanda hadi mita 1.09. Mzigo wote tuliorundika juu ya keria ulikuwa umekipandisha kwa sentimita 9, na abiria, kwa kusimama tu, walikipandisha kwa sentimita 9 nyingine.

Kuna namba moja rahisi ya kulinganishia magari: nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo gari linavyopinduka kirahisi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imeitumia tangu mwaka 2001 katika kuyapanga magari kwa hatari ya kupinduka, na kwa magari madogo ya abiria huwa kati ya 1.3 na 1.5, huku magari ya juu na pikapu yakiwa kwa kawaida kati ya 1.0 na 1.3. Upana wa gari letu ni wastani wa mita 1.47, kwa hiyo likiwa tupu lina 0.84, likiwa na mzigo na abiria waliokaa lina 0.74, na abiria wakisimama lina 0.67. Namba hiyo ya mwisho ina maana kwamba hata kama lingesimama tuli kwenye mteremko wa ubavuni, lingepinduka kwenye digrii 34. Barabarani, springi zikiwa zimelala upande mmoja na gurudumu likiwa limedumbukia ukingoni, linapinduka mapema zaidi. Kwa miaka yote tuliyokuwa tukiongeza springi ili gari lisiinamie nyuma, tulikuwa tukiliinua bodi, na tukiliinua bodi tulikuwa tukiipunguza namba hiyo.

Mabadiliko tuliyoyafanya hayakuhitaji kipuri kipya hata kimoja. Tairi la pili tulilihamishia kwenye mlango wa nyuma, madumu ya maji tukayaweka sakafuni nyuma ya viti, sanduku la vifaa na jeki tukavishusha chini ya kiti cha mwisho. Kwa hesabu, hayo yalikishusha kitovu kwa karibu sentimita 4. Betri ya pili na friji vilihamia kulia. Tairi kwenye mlango liliongeza mzigo wa ekseli ya nyuma, na hilo nililipima tena kwa chaneli kabla ya kuridhika. Katika magari tuliyojenga baadaye, paa la kuinuka tulilitengeneza kwa alumini badala ya bati la chuma, lakini hilo lilikuwa suala la fedha na mteja si kila mara alikubali. Jambo lililoshusha kitovu kuliko yote ni agizo la kwamba abiria wasisimame gari likiwa katika mwendo wa safari, na agizo hilo nililiandika mwenyewe kwa rangi ndani ya mlango wa dereva, pamoja na namba tatu: uzito wote, kimo cha kitovu watu wakiwa wamekaa, na kimo chake wakiwa wamesimama.

Tangu hapo nimepima pia matrela madogo ya kubebea vifaa vya kambi, ambayo ni rahisi mno: unalilaza bomba chini ya trela, unalisukuma mbele na nyuma mpaka libembee, na hapo ndipo kitovu kilipo kwa urefu. Bajaji nayo inapimika kwa chaneli moja. Magari marefu ya mizigo sijayagusa kwa kifaa hiki, kwa kuwa chaneli zangu hazikujengwa kwa magurudumu ya tani kadhaa, na simshauri mtu yeyote azitumie huko.

Miezi kadhaa baadaye dereva yuleyule alirudi na gari lilelile. Mmiliki alikuwa amenunua hema la kufungwa juu ya paa, la kilo 60, na alitaka tulifunge kabla ya msimu. Dereva aliomba kwanza tukae na karatasi. Kimo cha hema kingekuwa mita 2.35, uzito wa gari lililojaa ungefika kilo 3,560, na kitovu kingerudi mita 0.98 watu wakiwa wamekaa, kikiwa kimekula zaidi ya nusu ya kile tulichokishusha. Nilimkumbusha pia kwamba Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013 huyahusu magari kuanzia kilo 3,500. Alizikokotoa namba mwenyewe mara ya pili, kwa kalamu yake, akakunja karatasi na kuiweka mfukoni mwa shati. Siku ya tatu alinipigia simu kuniambia kwamba hema litasafiri kwenye gari la vifaa, na akaniuliza ni lini anaweza kuwaleta madereva wenzake wawili waje kupima ya kwao.